Vipimo vinasema niko sawa ila mwili unakataa, nimwelezeje daktari?

Zuwena_k: Wakuu habari zenu. Nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, mwaka wa 3 sasa. Natumia methotrekseti, dawa ya kutuliza hiyo kinga, mara moja kwa wiki. Juzi kliniki daktari kaangalia majibu ya damu akasema uvimbe umeshuka, tuonane baada ya miezi 3, nikatoka. Sasa leo asubuhi kifuniko cha chupa ya maji kimenishinda, nimefungua kwa meno, vidole vimekakamaa karibu masaa mawili ndo vikalegea. Halafu huu uchovu, unalala nao unaamka nao. Nyumbani wakiniona natembea wanajua nadeka. Na nikifika kwa daktari najikuta nasema "naendelea vizuri tu". Wenzangu nyie mnaelezaje?

mama_wawili: Pole sana mdogo wangu, mimi mwaka wa 9 huu. Hiyo "naendelea vizuri" iache kabisa. Weka daftari, andika umeamka saa ngapi na vidole vimelegea saa ngapi, ugumu wa asubuhi ukizidi lisaa limoja daktari anajua maana yake. Vikivimba piga picha hapo hapo maana siku ya kliniki vinakuwa vimenywea, mi imenitokea sana. Na usimwambie "mikono inauma", mwambie siwezi kufunga vifungo vya shati.

Nuru77: Damu inaweza kuwa safi na kiungo bado kina uvimbe. Muombe akubonyeze kiungo kimoja kimoja, au upigwe ultrasaundi. Mimi ndo ilionekana hapo nikabadilishiwa dawa.

Mzee_T: Achana na hizo dawa kali zitakumalizia ini, tafuta mitishamba.

mama_wawili: Hapana kaka, usimpotoshe. Ini ndo maana tunapimwa damu kila mara. Mimi niliacha dawa miezi 4 kwa maneno kama hayo hayo, kifundo cha mkono wa kulia hakikunji vizuri mpaka leo.

bahati_r: Uchovu utaje wenyewe kama ugonjwa, usiuchanganye na maumivu, maana uvimbe unaweza kushuka uchovu ukabaki. Mimi nilipousema ndo nikapimwa, kumbe damu ilikuwa pungufu.

Zuwena_k: Asanteni sana, nimelia kidogo kusoma hapa. Daftari nimeanza leo leo: nimeamka saa 12 na dakika 10, kidole cha kati mkono wa kushoto ndo kimelegea mwisho, saa 2 na robo.