Mjadala: Je, Ulaya ijenge pete ya kilomita 91 ya kugonganisha chembe?

Mleta mada

Wakuu, naleta swali linalowagawa wanafizikia hivi sasa. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitoa Machi 2025 ripoti ya upembuzi yakinifu wa mashine mpya iitwayo FCC. Ni handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 90.7, kwa wastani mita 200 chini ya ardhi, likiwa na vituo 8 juu yake. Awamu ya kwanza itagonganisha elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) kuanzia katikati ya miaka ya 2040, kwa gharama ya faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Awamu ya pili, ya protoni, ingefuata miaka ya 2070. Nchi wanachama 25 zinatarajiwa kuamua kama mwaka 2028. Ujerumani, inayochangia karibu asilimia 20 ya bajeti ya CERN, ilieleza wasiwasi wake juu ya gharama tangu 2024.

Msimamo wangu: isijengwe kwanza. Fedha naziacha kando, sababu yangu ni nadharia. LHC, mashine ya sasa ya CERN yenye pete ya kilomita 27, ilijengwa ikiwa na dhamana ya kimahesabu. Ukiondoa bozoni ya Higgs (chembe ya uga unaozipa chembe nyingine tungamo) kwenye Modeli Sanifu, nadharia kuu ya chembe, kisha ukapiga hesabu ya bozoni mbili za W (chembe zinazobeba nguvu dhaifu) zinapogongana, uwezekano wa tukio unapanda pamoja na nishati hadi unapita asilimia 100 nishati ikifika TeV 1 hivi (TeV na GeV ni vipimo vya nishati; TeV 1 ni GeV 1,000). Uwezekano hauwezi kupita asilimia 100. Kwa hiyo ilikuwa lazima kitu kijitokeze, iwe Higgs au kingine, na mashine iliyobuniwa kwa TeV 14 isingerudi mikono mitupu. Tarehe 4 Julai 2012 ATLAS na CMS, makundi ya vigunduzi viwili vya LHC, wakatangaza chembe ya GeV 125, pengo likazibwa.

Leo hesabu za Modeli Sanifu zinakwenda bila kukwama hadi nishati ambazo hata pete ya kilomita elfu 91 haitazifikia. Anayetetea FCC aniambie: inakwenda kutafuta nini ambacho *lazima* kiwepo?

Mnadharia

Mkuu, hoja ya dhamana ni nzito, ila usiifanye sharti. Mlinganyo wa Dirac wa 1928 ulikuwa na majibu ya ziada ambayo wengi hawakujua wayaweke wapi, na mwaka 1932 Anderson akaiona positroni kwenye miale ya anga bila kuitafuta. Muoni, ndugu mzito wa elektroni, ilipoonekana 1936 hakuna nadharia iliyokuwa imeiomba. Kigunduzi cha Kamiokande cha Japani kilijengwa kusubiri protoni ioze. Protoni haikuoza, lakini mrithi wake Super-Kamiokande ndiye aliyethibitisha 1998 kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, zina tungamo. Modeli Sanifu ya awali ilizihesabu hazina.

Nakuunga mkono kwa jambo moja. Waliouza LHC kwa ahadi ya supasimetria (nadharia inayoipa kila chembe mwenza wake) waliudhuru uwanja wetu. Walisema chembe wenza zitaonekana karibu na TeV 1, kwa sababu bila hizo tungamo la Higgs lingesukumwa juu na masahihisho ya kwanta (athari za chembe zinazojitokeza kwa kitambo kifupi tu) hadi kiwango kisichoelezeka. Leo, katika mifano ya kawaida, gluino, mmoja wa wenza hao, imeshafungiwa mlango hadi zaidi ya TeV 2, na hakuna kilichoonekana. Anayetaka FCC asirudie wimbo ule.

Lakini kuna swali ambalo halihitaji ahadi. Higgs ndiyo chembe ya msingi pekee tunayoijua isiyo na spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe. Modeli Sanifu inasema inajigusa yenyewe kwa nguvu maalumu: chukua tungamo, GeV 125, liinue kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya kipeo cha pili cha GeV 246 (thamani ya uga wa Higgs katika ombwe), unapata 0.13 hivi. Namba hiyo ndiyo inayoamua umbo la nishati ya uga wa Higgs, na kwa hiyo namna ulimwengu mchanga ulivyopoa: polepole na kwa ulaini, au kwa mapovu kama maji yanayochemka. Njia ya mapovu ingeweza kusaidia kueleza kwa nini maada iliishinda antimaada. Hatujaipima namba hii. Hata LHC iliyoboreshwa, inayotarajiwa kuanza kazi karibu na 2030, itaifikia kwa mashaka ya asilimia 30 hivi. Kuacha hapo ni kuiacha kazi njiani.

Fundi Sumaku

Mnadharia, umeunganisha mashine mbili. Kupima Higgs inavyojigusa kwa asilimia chache ni kazi ya awamu ya protoni, na awamu hiyo haina sumaku zake bado. Hesabu ni fupi: nishati ya protoni kwa TeV ni 0.3 mara nguvu ya sumaku kwa tesla mara nusu kipenyo cha mkunjo kwa kilomita. LHC: 0.3 × 8.33 × 2.8, unapata TeV 7 kwa kila mkondo wa chembe. FCC yenye mkunjo wa kilomita 10 na sumaku za tesla 14: TeV 42 kwa mkondo, yaani 84 kwa mgongano.

Tesla 8 tunazipata kwa waya wa niobi-titani uliopozwa kwa heli hadi kelvini 1.9. Waya huo hauwezi kufika 14. Inabidi niobi-bati, na hapo ndipo penye shughuli. Niobi-bati ni dhaifu kama kigae, haikunjiki. Unasokota koili kwanza, viambato vikiwa bado havijaungana, kisha unaioka kwa siku kadhaa kwenye joto la nyuzi 650 hivi ndipo bati liingie kwenye niobi. Kisha unaijaza gundi ya epoksi ili isicheze. Ukiibana kupita kiasi wakati wa kuifunga, nyuzi zinapasuka kwa ndani bila wewe kuona, na sumaku inapoteza uwezo kila inapopashwa moto na kupozwa tena. CERN ilitengeneza sumaku za niobi-bati za tesla 11 kwa ajili ya LHC ikaamua kutozifunga, kwa sababu hiyohiyo ya kuchoka. Maabara ya Fermilab ya Marekani ilifika tesla 14.5 mwaka 2020, lakini kwa kipande cha urefu wa mita 1 hivi. Sumaku za LHC zina urefu wa mita 15, na zipo 1,232. FCC ingehitaji maelfu.

Kumbukeni pia 19 Septemba 2008, siku 9 baada ya LHC kuwashwa. Kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku mbili kilikuwa na ukinzani wa nanoomu 200 hivi badala ya chini ya 1. Mkondo wa umeme wa ampea zaidi ya 8,000 ukakiyeyusha, cheche ikatoboa chombo cha heli, tani 6 hivi zikavuja, na sumaku 53 zikang'olewa kwa matengenezo. Mashine ililala mwaka mzima na zaidi. Kwenye handaki la kilomita 91 viungo vitakuwa mara nyingi zaidi. Mimi naunga mkono handaki, lakini sitamwambia mlipakodi kwamba awamu ya pili ina tarehe.

Kipimo

Basi tuzungumzie awamu ya kwanza kwa haki yake, maana ndiyo inayoombewa fedha.

Mashine iliyotangulia ya elektroni, LEP, ilifanya kazi kwenye handaki hilohilo la LHC la kilomita 27 kuanzia 1989 hadi 2000. Vigunduzi vyake vinne vilikusanya bozoni za Z (nazo hubeba nguvu dhaifu, kama W) milioni 17 hivi. FCC inakusudia trilioni kadhaa, na Higgs zaidi ya milioni 2. LEP haikugundua chembe mpya hata moja. Lakini ilituonyesha kwamba aina za nyutrino nyepesi ni 3 tu, na vipimo vyake vilisaidia kukadiria tungamo la kwaki ya juu (top, nzito kuliko kwaki zote) kabla Fermilab haijaiona 1995. Chembe nzito huacha alama kwenye masahihisho ya kwanta hata mashine ikiwa haina nguvu ya kuizalisha. Hiyo ndiyo kazi ya FCC: kuona alama. Mleta mada, usiulize "lazima iwepo nini" pekee. Uliza pia tofauti ndogo kiasi gani zitaonekana.

Ugumu wake nao uwekwe wazi. Kujua tungamo la Z ni kujua nishati ya mkondo. LEP ilitumia spini: elektroni zinazozunguka hujipanga spini zenyewe taratibu kwa sababu ya mionzi zinayotoa, na kwenye GeV 45.6 spini hugeuka mara 103.5 kwa kila mzunguko. Unapiga uga mdogo wa sumaku unaotikisika, unabadilisha masafa yake hadi mpangilio wa spini uvurugike ghafla. Masafa hayo yanakupa nishati kwa usahihi wa chini ya MeV 1.

Namba zikaanza kuyumba kwa MeV 10 hivi ndani ya siku moja. Sababu ilikuwa mwezi. Mvuto unaosababisha maji kupwa na kujaa huinua pia ardhi, na pete ilikuwa ikirefuka na kufupika kwa milimita 1 hivi. Masafa ya redio yanaulazimisha mkondo ufuate urefu uleule. Ardhi ikivimba, mkondo unapita pembeni mwa sumaku za kukusanya badala ya katikati, na nishati inabadilika. Baadaye ikaonekana kelele nyingine iliyonyamaza usiku wa manane tu: umeme wa treni uliokuwa ukivuja kupitia ardhini na kwenye bomba la mkondo. Pete ndefu zaidi itaguswa zaidi na mambo haya, kwa hiyo FCC italazimika kupima spini mara kadhaa kila saa huku migongano ikiendelea. Inawezekana, ila ni sehemu ya bei.

Kuna na umeme. Elektroni ikikunjwa hupoteza nishati kwa kipeo cha nne cha nishati yake ikigawanywa kwa nusu kipenyo. Ndiyo maana pete lazima iwe kubwa. Kwenye GeV 182.5, hata kwa kilomita 91, kila elektroni inapoteza karibu GeV 10 kwa mzunguko. Mionzi ya mikondo miwili imewekewa kikomo cha megawati 100 kwa wakati wote, na umeme unaotoka gridini lazima uzidi hapo kwa sababu vifaa vya kuzalisha mawimbi ya redio havina ufanisi kamili.

Mhesabu Fedha

Kila mtu hutaja SSC ya Texas, mashine ya kilomita 87 ambayo Bunge la Marekani liliifuta Oktoba 1993 baada ya dola bilioni 2 hivi kutumika na kilomita 23 hivi za handaki kuchimbwa. Makadirio yalikuwa yamepanda kutoka bilioni 4.4 hadi zaidi ya 11. Tofauti ni mbili: SSC ilianzia porini bila mashine za kuchochea chembe, CERN inazo, na SSC ilitegemea kura ya bajeti kila mwaka, CERN ina michango ya mkataba. Hatari iliyobaki ni kwamba mradi mmoja utameza miradi midogo kwa miaka 20.

Nani anafaidika nje ya Ulaya? Kwa msomaji wa Kiswahili njia zipo tayari. Kigali ina taasisi ya fizikia ya msingi iliyo chini ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018. Na data za CMS ziko wazi kwa umma tangu 2014. Chukua faili ya muoni mbili, chagua jozi zenye chaji kinyume tu (ukisahau hatua hii vilele vinazama kwenye takataka), kisha piga hesabu ya tungamo la kila jozi kutoka kwenye msukumo na pembe zake. Utaona kilele karibu na GeV 3.1, kingine 9.5, kingine 91, kila kimoja alama ya chembe iliyooza kuwa muoni mbili.

Mleta mada

Kipimo, umenijibu vizuri kuliko wote, lakini angalia alama zilizotuhadaa. Mwaka 2022 jaribio la CDF la Fermilab lilitoa tungamo la W la MeV 80,433.5, mbali mno na utabiri wa 80,357 hivi. Mwaka 2024 CMS ikapata 80,360.2, sawa na utabiri. Usumaku wa muoni ndio mbaya zaidi: jaribio la Fermilab lilimaliza Juni 2025 kwa usahihi wa sehemu 127 kwa bilioni, na pengo lililosemwa mwaka 2021 kuwa la sigma 4.2 (sigma hupima jinsi tofauti ilivyo mbali na bahati nasibu) likafifia. Jaribio halikuwa na kosa. Kilichobadilika ni utabiri: data za zamani za elektroni na positroni hazikukubaliana na za Novosibirsk, Urusi, za 2023, na hesabu za kompyuta za kimiani (zinazogawa nafasi na wakati kama gridi) zikashika nafasi. Mashine ya usahihi bila nadharia yenye usahihi huohuo itatupa mabishano tu. Mbona hamzungumzii kugonganisha muoni? Ni nzito mara 207 kuliko elektroni, mionzi yake inapungua mara zaidi ya bilioni moja.

Fundi Sumaku

Muoni huishi sehemu 2.2 kwa milioni za sekunde tu ikiwa imetulia. Inabidi uizalishe, uipoze na kuipa kasi kabla haijaoza. Jaribio la MICE la Uingereza lilionyesha 2020 kwamba kupoza kunawezekana, ila hatua moja tu ya safari ndefu. Fedha za utafiti ipewe, handaki bado.

Mnadharia

Hoja ya utabiri ndiyo mfupa wenyewe, na ina ratiba inayoweza kukaguliwa. LEP ilizimwa 2000. Hesabu kamili ya masahihisho ya vitanzi viwili (kila kitanzi ni hatua moja zaidi ya usahihi wa hesabu) vya nguvu ya umeme-dhaifu kwa kuoza kwa Z ilikamilika 2018. Tulichelewa miaka 18 nyuma ya data. FCC inahitaji vitanzi vitatu, ambavyo vina michoro mingi mara nyingi zaidi na integrali ambazo kwa sehemu kubwa hazijulikani kwa fomula, zinahitaji mbinu za namba zenye tarakimu nyingi. Kama migongano inaanza karibu na 2045, kundi linaloanza leo lina miaka 20 tu. Kazi hiyo haihitaji handaki, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bilioni 15. Ningependa nchi wanachama ziweke fungu lake sasa, kabla ya kura ya 2028, na maendeleo yake yawe sehemu ya ushahidi mezani siku ya kura.