Feni ya dari inakwenda polepole na mota inachemka, naomba ushauri

Hamjambo ndugu zangu. Niko Likoni, Mombasa, na gereji yangu ya nyumbani imejaa vyuma hata gari lenyewe hulala nje. Wiki ya pili sasa nahangaika na feni ya dari, na joto hili la kaskazi mke wangu ameshaanza kuniita "fundi" kwa ile sauti ya kunicheka.

Mwanzo ilikuwa ikinguruma tu, haizunguki mpaka uisukume panga kwa kijiti. Nikajua ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Nikanunua nyingine ya mikrofaradi 2.5 kama ile ya zamani, nikazima umeme kwenye meni swichi, nikabadilisha. Sasa yaanza yenyewe, lakini hata nikiiweka namba 5 inajikokota, na baada ya nusu saa mota haishikiki kwa moto.

Nimeifungua. Beringi ya juu, ya saizi namba 6202, ina kutu na inakwaruza ukiizungusha kwa kidole. Hewa ya chumvi huku haibakishi kitu, hata bisbisi nisipozipaka mafuta zinageuka rangi. Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nikatia grisi. Kelele imepungua, joto liko pale pale. Koili, yaani zile nyaya zilizosukwa ndani ya mota, haijawa nyeusi wala hainuki.

Je, nibadilishe beringi zote mbili kwanza, au koili imeanza kushoti ndani na yataka kusukwa upya? Mita ya kupimia ninayo. Na beringi iliyogandia kwenye shafti mwaitoaje bila kugonga nyundo? Naogopa kuipinda. Fundi mmoja kaniambia niitupe, na hata kuishika hakuishika.