Honda Fit GD1 inatetemeka ikianza kuondoka

Wakuu, Fit 1.3 ya 2005 ikisimama foleni imetulia. Ukiachia breki inatetemeka mpaka spidi 20. Plagi au giaboksi?

— Ingekuwa plagi, mara nyingi ingetetemeka hata ikiwa imesimama. Hiyo ni klachi ya kuondokea ndani ya CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), na mara nyingi chanzo ni oili iliyochoka. Weka Honda HMMF tu, ndiyo oili ya CVT hii; ATF (oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida) itaiharibu, na HCF-2, oili nyingine ya CVT ya Honda, ni ya Fit mpya zaidi. Nati ya kumwagia inafunguliwa na racheti ya 3/8 bila soketi, tundu lake ni la mraba. Pima kilichotoka, kwa kawaida lita 3 na kidogo, urudishe kiasi hichohicho. Ile washa (ringi) ya alumini ya nati weka mpya. Baada ya kilomita 1,000 rudia, maana sehemu ya oili chafu hubaki ndani.

— Naunga mkono. Mtetemo ukipungua bila kuisha, tafuta fundi mwenye mashine ya kompyuta ya gari aifanyie klachi kalibresheni (kuipanga upya). Na plagi zikaguliwe zote 8! Mafundi wengi hubadilisha nne za mbele, za nyuma wanaziacha kwa uvivu wa kufungua waipa.

— Oili ikitoka na vipande vya chuma, usirudie kumwaga. Fungua giaboksi.