Gari la Baba Mdogo limezimikia Pongwe

Kikundi: Familia ya Makorora, Tanga

JUMAMOSI

Baba Mdogo: Assalaam alaykum jamani. Forester imenizimikia hapa Pongwe, nilikuwa naenda Muheza. Haikukohoa wala kutetemeka, imezima ghafla kama mtu kazima taa. Nimepiga stata mara nne, haiwaki.

Mama Mdogo: Waalaykum salaam. Pole baba watoto. Uko kivulini? Maji unayo?

Baba Mdogo: Niko chini ya mwembe, maji ninayo.

Fundi: Shikamoo baba mdogo. Nakuomba usipige tena stata, hata mara moja. Ulipopiga ililia vipi?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Inazunguka mbio, nyepesi, kama haina mzigo.

Fundi: Basi huo ni mkanda wa taimingi. Kompresheni, yaani hewa kubanwa ndani ya silinda, haipo, ndiyo maana stata inakimbia. Injini yako ni EJ20, mkanda mmoja unazungusha wota pampu na kamshafti zote nne, zile fito zinazofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi. Ukiachia, kamshafti zinasimama palepale, valvu nyingine ziko wazi, na pistoni bado zinakuja. Kwa injini hii zinagongana. Kila ukipiga stata unazigonga tena.

Kaka wa Dar: Hiyo injini imekwisha. Kesho napita Gerezani kwenye maduka ya spea niulizie ya mtumba.

Fundi: Kaka, subiri kwanza nakuomba. Hatujajua imeumia wapi. Na hiyo ya mtumba nayo itakuja na mkanda usioujua umri wake, utaubadilisha vilevile. Zile Corolla zenye injini ya 4A-FE mkanda ukikatika hakigusani kitu, unafunga mpya unaondoka. Hii siyo hivyo, lakini valvu hazipindi zote kila mara. Baba mdogo, ulikuwa mwendo gani?

Baba Mdogo: Kama 40. Nilishapunguza kwa ajili ya matuta.

Fundi: Alhamdulillah. Nakuja na gari la kuvuta.

Shangazi: Jumatatu Bi Mkubwa ana kliniki hospitali ya Bombo, atakwenda na nini?

Mama Mdogo: Wifi, nishaongea na jirani mwenye bajaji. Saa moja asubuhi atakuwa mlangoni.

JUMAPILI

Fundi: 📷 Nimefungua kava. Angalieni, mkanda haujakatika, umenyolewa meno upande mmoja. Puli yenye meno, hilo gurudumu linaloongoza mkanda, beringi yake imeganda, ndiyo iliyoula mkanda. Kwa hiyo kuweka mkanda peke yake bila puli ni kurudi Pongwe.

Baba Mdogo: Aliyeniuzia aliniambia mkanda mpya!

Fundi: Pole sana baba. Huu unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na aliyebadilisha huacha stika yenye kilomita. Hapa sijaona stika.

Kaka wa Dar: Sasa utajuaje ndani kumevunjika nini bila kuifumua?

Fundi: Kwa upepo, kaka. Kwanza naweka krenki, ile shafti inayosukumwa na pistoni, kwenye alama yake, hapo pistoni zote zinakaa katikati ya silinda, hazifiki kwenye valvu. Halafu nageuza kamshafti taratibu mpaka kwenye alama. Kamshafti za kushoto nazionea huruma zaidi, ukizigeuza ovyo valvu za kuingiza na za kutoa zinagongana zenyewe kwa zenyewe, ukawa umeongeza hasara kwa mkono wako. Nafunga mkanda wa majaribio, nazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili. Ikikwama popote, naacha.

Fundi: Kisha natoa plagi, napeleka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, naingiza upepo wa kompresa. Baada ya hapo ni sikio tu. Ukivuma kwenye ekzosi, valvu ya kutoa imepinda. Ukivuma kwenye njia ya hewa, ni ya kuingiza. Ukitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi.

Shangazi: Kama daktari na kile kidude chake cha kusikilizia kifua. Mungu akubariki mwanangu.

(saa kumi jioni)

Fundi: Krenki imezunguka bila kukwama. Silinda ya 1 na ya 3, upande wa kulia, zimeshika upepo vizuri. Ya 2 inavuma ekzosi na njia ya hewa. Ya 4 inavuma ekzosi tu. Mdomo wa oili kimya, rejeta haina povu. Nimeingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi, juu ya pistoni kuna kovu dogo kama mwezi mchanga, haikutoboka.

Baba Mdogo: Nieleze kwa lugha yangu.

Fundi: Sehemu ya chini ya injini yako ni nzima, baba. Ugonjwa uko hedi ya kushoto peke yake, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Tunaishusha injini, tunatoa hedi hiyo, tunabadilisha valvu zilizopinda, tunazisaga zikae, tunarudisha.

Kaka wa Dar: Kwa hiyo Gerezani nisiende?

Fundi: Nenda kaka, ila uniulizie seti ya mkanda na puli zake zote, wota pampu, na gasketi ya hedi. Valvu nitakutajia idadi nikishazitoa kesho.

Kaka wa Dar: Sawa. Nitumie picha ya namba ya injini nisije nikaleta za gari jingine.

Fundi: 📷