Roboti inajizima mota zikianza kuzunguka, niweke betri gani?

Fundi_Mwanga: Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma mjini. Nina roboti ya magurudumu mawili: Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayoongoza roboti), draiva ya L298N (bodi inayogawa umeme kwa mota) na zile mota mbili za manjano zenye giaboksi. Inatumia betri ya mraba ya volti 9. Taa inawaka vizuri, ila mota zikivuta tu, Arduino inazima na kuanza upya. Madukani huku napata betri za tochi na 18650 (zile seli za lithiamu za duara). Nichukue zipi?

Waya_Mwekundu: Mkuu, programu haina kosa, betri imezidiwa. Hiyo ya mraba ni ya vifaa vinavyokula umeme kidogo, kama mita ya fundi. Mota hizo zinapoanza kuondoka au zikikwama, kila moja inaweza kuvuta karibu ampea 1. Volti zinaporomoka, Arduino inakosa umeme.

Chukua 18650 mbili uziunge mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Unapata volti 7.4, zikijaa 8.4. L298N inameza kati ya volti 1.5 na 2, mota zinabaki na 5.5 hivi, na zenyewe zinataka 3 hadi 6. Roboti ikitembea kawaida inakula kama nusu ampea, kwa hiyo seli za kweli za mAh 2000 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) zinakupa saa 3 na ushee.

Soma lebo kwa makini! 18650 iliyoandikwa mAh 9900 ni feki. Zilizo bora kabisa zinaishia 3500 hadi 4000 hivi. Ibebe mkononi: seli halisi ina gramu 45 au zaidi kidogo. Ikiwa nyepesi, irudishe.

Mwl_Ujiji: Kama wataishika wanafunzi, mimi nasema NiMH (betri za kuchaji zisizo za lithiamu) sita za saizi AA, jumla volti 7.2. Lithiamu ikipigwa shoti inaweza kuwaka moto. Ila zisiwe nne: 4.8 ukitoa za L298N, mota zinajikokota.

Waya_Mwekundu: Sawa kabisa, mwalimu. Kwa anayechagua lithiamu: weka fyuzi ya ampea 3 karibu na chanya. Chaji kwa TP4056 (kibodi kidogo cha kuchaji lithiamu), seli moja moja ikiwa imetolewa. Usiiunge TP4056 moja kwenye seli zote mbili, kwa sababu inakata kwenye 4.2. Jozi ikishuka hadi volti 6.6, simamisha roboti ukachaji. Za kutoka laptopu mbovu zipime kwanza; iliyo chini ya volti 2 usiifufue.

Fundi_Mwanga: Asanteni sana. Nikiagiza draiva ya TB6612 kutoka Dar badala ya L298N?

Waya_Mwekundu: Ni bora, haipotezi volti nyingi. Lakini sasa mota zitapata hadi 8, kwa hiyo kwenye analogWrite (amri ya programu inayopanga nguvu ya mota) usizidishe 180. Na pini ya STBY (ya kuiamsha draiva) iunge kwenye volti 5, la sivyo mota hazizunguki kabisa.