Mwanangu amwambia nyanyake "hicho si Kiswahili". Nifanyeje?

Mama wa Kibokoni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina jambo la nyumbani, naomba mnisaidie mawazo.

Mwanangu ana miaka 9, yuko Gredi ya 4. Twaishi Kibokoni na mamangu mzazi, na yeye ndiye aliyemlea tangu nilipomwacha wa miezi mitatu nikarudi kazini. Maneno yake ya mwanzo yote ni ya nyanyake, Kimvita chetu cha hapa Mombasa: ndoo (yaani njoo), ndia, ndaa, mato, tungule (nyanya za mchuzi). Majuzi wakapewa insha ya siku ya sokoni. Akaandika, "Nyanya aliniambia ndoo twende Marikiti tukanunue tungule." Daftari likarudi na wino mwekundu. Chini ya "ndoo" mwalimu ameandika, "Ndoo ni ya maji." Tungule imekatwa. Mbele kidogo aliandika "nyanya yuwaja", nayo imekatwa.

Ya alama ningeyameza. Lililoniuma ni la jioni yake. Mamangu alikuwa jikoni, akamwita, "Ndoo unikunie nazi." Mtoto akamjibu mbele ya wageni, "Nyanya, hicho si Kiswahili. Sema njoo." Mamangu hakumgombeza. Alinyamaza, akavuta mbuzi, akakuna mwenyewe.

Tangu siku ile hategi tena vitendawili. Ilikuwa kila usiku baada ya Isha, yeye na mjukuu wake pale kitandani, na mimi husikiliza nikikunja nguo. Sasa akiombwa asema amechoka. Akizungumza na mtoto achagua neno mojamoja, kama mtu apitaye penye vigae.

Je, niende kwa mwalimu? Au nimuombe mamangu aseme cha shule mtoto akiwapo? Hili la pili nikilifikiria tu moyo wanikataa.

Bint Makadara

Wa alaykum salaam dadangu. Usithubutu hilo la pili. Mtu mzima wa makamo yale umwambie abadilishe ulimi ndani ya nyumba yake? La. Na mtoto aombe radhi, tena mapema.

Mwalimu wa Kisauni

Pole mama. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, huu mwaka wa 14, kwa hiyo nianze na upande wa mwenzangu. Insha husahihishwa kwa Kiswahili sanifu. Gredi ya 6 si mbali, na mtihani utamdai "njoo" na "anakuja". Mwalimu asipomfundisha hayo atakuwa amemdhulumu.

Lakini kumwambia mtoto "hili si sanifu" na kumwachia aelewe kwamba "hiki si Kiswahili" ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kazi yetu. La pili ni uongo, na matokeo yake umeyaona jikoni kwako.

Nenda ukamwone, daftari mkononi. Usidai alama. Muombe amwambie mtoto mbele ya wenzake kwamba ndoo ni Kimvita na njoo ni sanifu, basi. Mimi darasani huandika safu mbili ubaoni kisha nanyamaza. Njia, ndia. Njaa, ndaa. Macho, mato. Mchele, mtele. Hazipiti dakika kumi wenyewe washaikamata: penye nj huku pana nd kule, penye ch pana t. Mtoto aliyeiona kanuni hiyo hachanganyi tena kwenye insha, kwa kuwa sasa azijua pande zote mbili. Anayechanganya ni yule aliyeambiwa tu "makosa".

Na tena, lile "ndoo" lilikuwa neno la nyanyake. Mfundishe kulitia ndani ya alama za usemi. Hapo anayesema ni mhusika.

Baba Wawili, Bamburi

Natofautiana nanyi kidogo. Ulimwengu wa leo watoto wetu wanashindania nafasi na watoto wa kila mahali. Kimvita hakitampa kazi. Wangu nawasemesha sanifu na Kiingereza tu, na alama zao ni nzuri.

Mama wa Kibokoni

Kaka, nimekuelewa, na mimi pia nataka afaulu. Ila nakuuliza kwa moyo safi: wakenda kwa bibi yao wanakaa wakazungumza, au husalimu tu wakarudi kwenye simu?

Baba Wawili, Bamburi

Husalimu tu. Hilo kweli.

Mkamba wa Changamwe

Niruhusuni mimi wa kuja. Nilifika Mombasa 2006 na Kiswahili cha shule, nikaenda Marikiti nikaagiza nyanya kilo moja. Mama muuzaji akanipimia, kisha akaniambia kwa upole, "Hapa zaitwa tungule mwanangu, nyanya ni mimi." Nimelishika tangu siku hiyo.

Lakini nilitaka kusema jambo jingine. Mamangu yuko Machakos. Wanangu hawajui Kikamba, kwa sababu mimi na mke wangu tuliamua, kama ndugu wa Bamburi, kwamba kitawachelewesha. Tukienda Desemba, mama huwashika mikono anawaangalia. Ana mengi ya kuwaambia, na mimi ndiye mkalimani. Mzaha haukalimaniki. Dada, wako bado wanasikizana. Usikubali kiti kile cha katikati nilichokalia mimi.

Mzee wa Kuze

Mwalimu wa Kisauni kasema sawa, naongeza kidogo. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882 imejaa Kimvita hiki hiki. Mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu ulikaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1928. Kilichaguliwa kimoja, hakikuharamishwa kingine.

Sasa mjaribu mtoto masikio. Mwambie nyanyake atamke kaa la moto, kisha kaa wa pwani. Yule wa pwani hutoka na pumzi. Vivyo hivyo paa la nyumba na paa wa mwituni. Herufi za shule haziiandiki pumzi hiyo, kwa hiyo haisomeki kitabuni. Yapatikana kinywani mwa mtu. Mamako akinyamaza, mtoto ataitoa wapi?

Mgeni wa Unguja

Hiyo tungule iliyokatwa wino mwekundu, nasi Unguja ndivyo twasema! Nilipoisikia Marikiti mara ya kwanza nilijihisi niko sokoni kwetu Darajani. Na sanifu si imetoka kwetu? Mwambie mwalimu, kwa heshima zote.

Bint Makadara

Nimekumbuka kitu. Mtegee mtoto hiki: Popoo mbili zavuka mto. Shuleni jibu ni macho. Kwa nyanyake ni mato. Mwache asikie mwenyewe lipi lakaa vizuri na mto.

Mama wa Kibokoni

Nimerudi. Jana baada ya chakula nilimtegea. Akaniuliza, "Popoo ni nini?" Nikamwambia kamuulize nyanya. Akasita mlangoni kitambo, kisha akaingia.

Mamangu alifungua kijaluba chake cha tambuu, akamtia popoo mbili kiganjani. Mtoto akazigeuzageuza. Kisha akazishikiza kwenye uso wake, moja huku na moja huku, akasema polepole, "Mto... mato." Akarudia. Akamwambia nyanyake, "Kwa macho haiji." Mamangu akamwambia, "Haiji." Radhi akaomba hapo hapo, hakuna aliyemtuma.

Na la kaa tulilijaribu. Mtoto alisikia mara ya kwanza tu, mimi nikarudiwa mara tatu.

Shule nakwenda Jumatatu, na maneno ya Mwalimu wa Kisauni nimeyanakili kwenye karatasi nisije nikapandwa na hasira. Usiku huo ilinibidi niwazimie taa saa nne, na gizani bado namsikia mamangu, "Kitendawili," na yule wa pili, "Tega."