Wapinzani wanaibiwa kura ama wanalala? Tuongee bila hasira

Mtoto wa Katuba
Wandugu wa L'shi (Lubumbashi) na kwingine hapa Kongo, leo nataka tubishane kidogo. Kila uchaguzi ukiisha wimbo ni uleule, tumeibiwa tumeibiwa, na mimi mwenyewe nimeuimba. 2023 rais Tshisekedi katangazwa na 73 na kitu kwa mia, wapinzani wake Katumbi 18, Fayulu 5 hivi, na hapa mtaani kila unayemuuliza anaapa hakumpigia aliyeshinda, sasa zile kura zilitoka wapi? Hilo ni swali la kila mtu. La kwangu ni lingine: ule usiku wa tarehe 20 Desemba shahidi wa chama chako alikuwa wapi?

Mimi nilikuwa shahidi, kwenye masomo (shule) moja hapa Katuba. Chama sikitaji. Saa kumi na moja alfajiri nimeshafika, beji shingoni, saché mbili za maji mfukoni, na ahadi ya chakula na dola 10. Jioni umeme ukakatika, hesabu ikaendelea kwa tochi za simu, ndipo kijana mmoja akaingia uwanjani na ndoo imefunikwa kitambaa. Kuifunua: bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki tomsoni. Akawaita mashahidi wa upande wa utawala, wakatoka kwa zamu, mmoja anakula mwingine anabaki ndani amekodoa macho. Sisi wa upinzani tulikuwa wanne kutoka vyama vinne na kutwa nzima hatukuongea, kila mmoja anamchunga mwenzake badala ya kuchunga sanduku. Saa sita usiku nimebaki peke yangu. Ile harufu ya tomsoni nayo ni kampeni jamani.

Nikasaini PV, ile karatasi ya matokeo ya ofisi, nikaipiga picha, nikaituma kwa mkubwa wetu wa chama. Alama mbili za buluu, kimya.

Kwa hiyo sisemi hakuna wizi. CENI yenyewe, tume ya uchaguzi, Januari 2024 ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, humo mpaka mawaziri na magavana, na mashini za kura zilionekana mikononi mwa watu binafsi. Nasema mwizi anapita pale mlango hauna mtu, na watu wetu tunawaacha na njaa halafu tunashangaa wameenda kulala.

Mama Makala
Mutoto wa Katuba, pole kwa njala lakini unapita mbali na mambo. Mi niko nauzisha makala (makaa) na unga pa soko ya Kenya, komine ya hapa L'shi, na bale bakandida bote banapitaka pale. 2023 unga ilipanda mpaka tukashindwa, Zambia ilikuwa inazuia unga kutoka, na ile wakati njo kandida moja akaleta mifuko, sura yake mbele, anacheka na meno yote. Tulikula. Ule mufuko minaweka ndani makala mpaka leo, kila asubui minamufungua kichwa.

Lakini kura hapana. Bwana yangu alipokufa kulikuwa kandida mwingine, hana hata tisheti ya kugawa, alikuya akaikala pa mukeka na batu mpaka kukacha, asubui akabeba viti. Uyo njo nilimuchagua kwa depite (mbunge), na majirani vilevile. Kwa prezida, batoto yangu batatu banasoma primeri bila kulipa tangu 2019. Kalasi moja iko na batoto wengi kama soko, lakini mi silipi. Sasa nichague nani? Na mutu asiniambie eti walininunua.

Mtoto wa Katuba
Mama, hapo umenipiga na sina jibu.

Mwalimu wa Ruashi
Mama, huyo wa kwenye mkeka alipita?

Mama Makala
Alianguka. Na ule wa mufuko vilevile, Mungu iko.

Mwalimu wa Ruashi
Nilijua. Watu wanadhani wanachagua mtu kumbe kura inaingia kwanza kwa listi ya chama chake, na listi inapaswa kupata 1 kwa mia ya kura za nchi nzima, siyo za Katuba wala za jimbo letu la Haut-Katanga. Safari ile walipiga watu milioni 18 na kitu, kwa hiyo hesabu mwenyewe, kama kura 180,000. Ukiwa umeingia kwenye kachama ambako ofisi yake ni simu ya prezida wake, hata Kenya yote ikupigie, zile kura hazihesabiwi wakati wa kugawa viti. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana unaona muungano mmoja una majina saba nane, kila jina linatafuta kuvuka peke yake na ndani yake wanamimina watu wa kila mtaa, chefu, pasta, mchezaji wa zamani, wa kuchuma kura tu. Anayepita ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake wa listi.

Na huko juu kwa urais, Januari 2011 walibadilisha katiba tukaacha duru ya pili. 2006 Kabila, rais wa wakati ule, na mpinzani wake Bemba walirudi kwa duru ya pili, Kabila akamaliza na 58 kwa mia. 2011 ilimtosha 49, 2018 Tshisekedi ikamtosha 38 na nusu hivi. Ukijua mchezo ni wa duru moja halafu mnajipanga wapinzani kumi na tano, hata mwizi hana kazi. Novemba 2018 wakubwa wa upinzani walikutana Geneva wakamchagua Fayulu awe mgombea wao mmoja, kesho yake Tshisekedi na mwenzake Kamerhe wakatoa saini zao. Siku moja! Hata maandazi yanachacha polepole kuliko hivyo. (Halafu Mama, kuhusu masomo ya bure, mwalimu anayefundisha watoto 90 ndani ya chumba kimoja ni mimi, lakini tuyaache.)

Kampemba Direct
Mnaongea sana kuhusu njaa na listi ila mnaruka jambo moja. 2018 maaskofu Wakatoliki wa CENCO walikuwa na waangalizi kama 40,000. Elfu arobaini! Walikula, hawakulala, wakaleta PV zao, wakasema waziwazi hesabu zao hazilingani na zile za CENI. Fayulu akaenda Mahakama ya Katiba. Ikawaje? Mahakama ikamkatalia. Kwa hiyo Mtoto wa Katuba hata ungekula bukari ndoo nzima, hiyo picha yako ungempelekea nani? Ndiyo sababu 2023 Katumbi na Fayulu hata mahakamani hawakwenda, na watu wa Kabila wao waligoma uchaguzi wote. Muti ukiwa umeoza shina wewe unapanguza majani.

Mtoto wa Katuba
Ndugu, 2018 nakukubalia, pale sina la kusema. Lakini angalia vizuri: tunajua kwamba hesabu hazikulingana KWA SABABU wale 40,000 walikuwepo. Bila wao ingekuwa maneno ya kwenye kilabu. 2023 hatuna hata hizo za kubishania, unasema tuliibiwa ngapi? Wapi? Ofisi gani? Nikikuuliza ya Katuba naweza kukujibu ya ofisi moja tu, yangu. Na waliojiandikisha walikuwa karibu milioni 44, wakaenda kupiga 43 kwa mia hivi. Hao wengine wote nani aliwafuata nyumbani? Sisi tulikuwa tunajaza uwanja na pikipiki zinapiga honi, tukaona uwanja umejaa tukajua tumeshinda. Uwanja hauna kadi ya kura.

Mgoma aliye mbali na Goma
Na sisi? Kule Kivu Kaskazini, Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa, vita. Jamaa zangu kambini walikuwa wanauliza uchaguzi ni siku gani kama watu wanaouliza harusi ya jirani. Muandike na hiyo kwenye hesabu zenu za 43 kwa mia.

Mwalimu wa Ruashi
Imeandikwa, ndugu. Poleni.

Kampemba Direct
Haya, nikupe nusu, sikupi yote. Wanalala NA wanaibiwa. Lakini anayelala aliibiwa mara ngapi ndipo akachoka kukesha, hapo utanijibu siku nyingine.

Mama Makala
Mutoto wa Katuba, ile dola 10 walikupa?

Mtoto wa Katuba
Hapana Mama.

Mama Makala
Na ule mukubwa wa chama hakujibu kabisa ile foto?

Mtoto wa Katuba
Alijibu. Tarehe 1 Januari saa sita usiku: "Mwaka mpya mwema, mwanachama mpendwa." Ilikuwa kwenye grupu, tuko watu 200.